Mikono Safi, Mikono Michafu

Anayejaza maji ya mto kwenye chupa hasifiwi na mtu. Mimi namsifu. Huko Geita, Tanzania, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu, kesi nzima ya kijito imo mikononi mwake.

Zebaki haitulii. Ndani ya chupa ya plastiki ya kawaida, sehemu yake hunata ukutani, nyingine hugeuka mvuke na kupenya nje. Maabara itasoma kidogo kuliko kilichokuwamo, na maji machafu yataandikwa kuwa safi. Hilo ndilo linaloniuma: uzembe wa namna hii humnufaisha mchafuzi, na mnywaji wa maji hajui.

Kwa hiyo, na ili zebaki ya nje nayo isiingie, huja watu wawili, na chupa za kioo au Tefloni zilizooshwa kwa tindikali, kila moja ndani ya mifuko miwili. Mmoja huitwa “mikono michafu”: hufungua mfuko wa nje na kushika vyombo vingine vyote. Mwenzake, “mikono safi”, hufungua mfuko wa ndani na kugusa chupa tu. Huielekeza mkondo unakotoka, akaifungua na kuifunga humohumo majini. Hata pumzi huchungwa, maana jino lililozibwa kwa zebaki hutoa mvuke wake mtu anapopumua, na kinachotafutwa hapa huhesabiwa kwa nanogramu, sehemu moja ya bilioni ya gramu.

Kisha maji hutiwa bromini monokloridi, inayoilazimisha zebaki ibaki majini. Rangi yake ya manjano ikififia, tope limeimaliza dawa. Huongezwa mpaka manjano idumu. Sampuli hiyo hukaa hadi siku 90. Lakini anayetafuta zebaki ya methili, ile inayojilimbikiza kwenye samaki, asithubutu kutia dawa hiyo, kwani itaivunja. Huyo hutumia asidi ya haidrokloriki, na chupa huwekwa gizani.

Ninachokipenda zaidi ni chupa ya maji yasiyo na zebaki, inayobebwa safari nzima, ikafunguliwa mtoni na kutiwa dawa ileile. Zebaki ikionekana humo, haikutoka kwenye maji ya mto.

Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unazitaka nchi ambazo uchimbaji mdogo wa dhahabu kwa zebaki si jambo dogo ziwe na mpango wa kupunguza zebaki. Tutajuaje kama mpango unafanya kazi? Kijito kilekile kitapimwa tena mwakani, na tarakimu zitalinganishika ikiwa chupa za miaka yote miwili zilihifadhiwa kwa utaratibu mmoja.