Nani aliiruhusu Orchestrator ivuke bara?

Bado wapo wanaolaumu waya kwa yaliyoikuta GitHub Oktoba 2018. Waya hauna kesi. Mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha optiki cha gigabiti 100 kilichoanza kuharibika, na kituo kikuu cha data cha pwani ya mashariki ya Marekani kikapoteza mawasiliano kwa sekunde 43. Kwetu ilikuwa saa 7:52 usiku. Huduma ilitengemaa baada ya saa 24 na dakika 11.

Kati ya sekunde hizo na saa hizo pana uamuzi mmoja mbovu. Nodi za Orchestrator, chombo cha kuteua seva kuu za MySQL, zilizokuwa magharibi na zile za kwenye wingu la mashariki zilitimiza akidi, zikahesabu kituo kikuu kuwa kimekufa, zikapandisha seva za MySQL za magharibi kuwa kuu. Kisheria zilikuwa sahihi, kwani kura zilitosha. Lakini kura si data. Unakili kati ya pwani hizo haukuwa wa kusubiriana, hivyo maandishi ya mwisho ya mashariki yalikuwa bado hayajavuka. Mtandao uliporudi, programu zikaanza kuandika magharibi, na zikaendelea kwa karibu dakika 40. Sasa kila pwani ina rekodi ambazo mwenzake hana, na huwezi kurudi mashariki bila kufuta kazi ya watu. Kubaki magharibi nako ni balaa: programu zilizoko mashariki hazikuundwa kuvuka nchi nzima kila zinapoandika.

Mtaniambia chombo hakikujua kwamba kukatika kutaisha kwa sekunde 43. Kweli, na ndiyo hoja yangu. Kupandisha seva ndani ya kituo kilekile, mashine ifanye yenyewe. Kuvuka bara ni kazi ya mtu aliye zamu, tena baada ya kuuliza kilichobaki upande wa pili. Wangevumilia dakika moja ya makosa kwenye skrini, basi.

Nimelipigia kelele hili hapa hadi wengine wamechoka: vituo viwili visivyosubiriana katika kuandika si vituo viwili vilivyo hai, hata muuzaji akiapa. Ni kituo na mfuasi wake. Wazee wa VMS, mfumo endeshi wa mashine za VAX, walilijua hilo. Makundi yao ya VAX nayo yalipiga kura, na upande wenye wengi uliendelea na kazi. Ila diski zao za kivuli hazikukubali andiko mpaka liwe limefika kwenye kila diski hai ya seti. Aliyeshinda kura alikuwa na data mkononi. Walilipa kwa kasi, na hawakuona haya.

Hata hivyo, GitHub kusimamisha webhook na ujenzi wa Pages ili kuokoa data kwanza kulikuwa sahihi. Hazina za Git zenyewe hazikuguswa.

Kilichobaki kilikuwa kuvuta bakapu za terabaiti nyingi kutoka kwenye wingu, saa baada ya saa, huku Ulaya ikiamka na kuzielemea seva nakala zilizokuwa bado zinakimbizana na magharibi. Katika kundi mojawapo lenye shughuli nyingi yalikutwa maandishi 954 yaliyokwama mashariki, yakihitaji kupatanishwa. Baadaye GitHub ikatangaza kwamba itaisanidi Orchestrator isipandishe seva kuvuka mipaka ya kanda. Usanidi huo haukuhitaji kifaa kipya wala waya mpya.