Scrabble ya Kifaransa Katika Somo la Kiswahili

Mchezo wa mezani ukiingia nyumbani na darasani, yafaa uhakikiwe kama kitabu. Hapa Bujumbura tulijaribu kucheza Scrabble kwa Kiswahili, tukitumia seti ya Kifaransa.

Kasoro ya kwanza ni mgao wa herufi. Seti hiyo ina vipande 102. E imepewa 15, lakini K, W, Y na Z zina kimoja kimoja, kila kimoja alama 10. Hivyo "kaka", "yeye" na "wazazi" hayaandikiki bila kipande kitupu, navyo ni viwili tu. Q na X hukwama mkononi. Aidha, aliyebahatika kupata K huvuna alama 12 kwa neno "kaa": inalipwa bahati, si ujuzi.

Ya pili ni sarufi. Je, "anasoma" ni neno au sentensi? Tukilikataa, tunatupa viambishi, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa somo letu. Tulilikubali, kwa sharti kwamba mchezaji avitaje.

Hofu yetu ni kwamba mtoto wa Buyenzi, anayezungumza Kiswahili nyumbani, asije akadhani lugha yake ina upungufu, kumbe upungufu ni wa kisanduku. Bao na igisoro, michezo ya mashimo 32 na kete 64, haimtii mchezaji shaka hiyo, maana ilikulia kwake.

Mchezo tunaupendekeza, ila vipande vikatwe upya kwa kadibodi: K, W, Y na Z ziongezwe na kushushwa thamani, Q na X ziondolewe.