Msomaji si Jangili

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ni kosa kuiandikia hadithi ya mtu mwingine mwisho mpya. Swali hilo lina uzito kuliko lionekanavyo, na wako wataalamu waliolitungia vitabu.

Mwaka 1966 ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani hadithi iitwayo Star Trek, ihusuyo merikebu isafiriyo baina ya nyota. Ilikoma mwaka 1969, lakini mashabiki wake hawakukoma. Tangu mwaka 1967 walikuwa na kijigazeti chao, Spockanalia, kisha vikafuata vingine vingi, ambamo waliwatungia mabaharia wale wale visa vipya. Wengi wa watunzi hao walikuwa wanawake. Watu waliwacheka, wakidhani kuwa hawajui kutenga ndoto na kweli.

Mwaka 1992 Henry Jenkins, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alitoa kitabu Textual Poachers, yaani Majangili wa Maandishi. Mfano huo aliuazima kwa Mfaransa Michel de Certeau, aliyemfananisha msomaji na mtu apitaye katika mashamba ya wengine akijitwalia apendacho. Jenkins aliongeza neno la maana: mashabiki hawatwai tu, bali huandika, hukutana na kujadiliana, na hivyo hujijengea utamaduni wao. Hapo ndipo ulipo ubora wa kitabu hiki: kiliwasikiliza watu waliodharauliwa, kikathibitisha kwamba wanafikiri.

Hata hivyo, nina lawama mbili. Kwanza ni ule mfano. Uingereza ya zamani jangili aghalabu alikuwa maskini aliyewinda sungura katika ardhi ya bwana mkubwa, na wengi walimhurumia. Kwetu Kenya jangili ni muuaji wa ndovu. Lakini awe ndovu au sungura, mnyama akiisha kuchukuliwa, pori limepungukiwa. Hadithi haipungui kwa kusimuliwa upya, bali huzaa.

Pili, Jenkins mwenyewe alikuwa shabiki, wala hakulificha jambo hilo. Ushabiki ulimfungulia milango ambayo mgeni asingefunguliwa. Lakini wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Katika kurasa zake sifa za mashabiki zimemulikwa kuliko kasoro zao. Camille Bacon-Smith, aliyetoa kitabu Enterprising Women mwaka uo huo, aliwaendea wanawake hao kama mtafiti, akachunguza hata maumivu yaliyojificha ndani ya visa vyao. Afadhali visomwe vyote viwili, kimoja kikikosoa kingine.

Basi, msomaji, namjibu mwanafunzi wangu hivi: andika mwisho wako, mradi umtaje aliyeianza hadithi. Na siku utakapohukumu kitabu ukipendacho, kiri kwanza kwamba wakipenda, kisha zitafute dosari zake wewe mwenyewe, kabla hajakutafutia mwingine.