Mpishi wa Diskasi

Wapishi wengi hupikia sifa. Anayempikia diskasi hana wa kumsifu, kwa maana mlaji wake hasemi asante wala halalamiki chumvi. Samaki huyu, bapa na mviringo kama sahani, asili yake ni bonde la mto Amazon. Johann Jakob Heckel alimwelezea kisayansi mwaka 1840 na kumwita Symphysodon discus. Ni wa ukoo mmoja na sato na perege wetu, ila yeye hafugiwi kitoweo. Hufugiwa uzuri wake, na uzuri huo hupikwa jikoni.

Ustadi wa jiko hilo nausifu kwa sababu moja: mpishi wake hupimwa kwa anachokiondoa kuliko anachokiongeza.

Tuanze na moyo wa ng'ombe, ambao kwa miaka mingi umekuwa msingi wa chakula cha nyumbani cha diskasi huko Ulaya na Marekani. Ni msuli mtupu, una protini tele, na bei yake si ya kutisha. Lakini moyo hutoka buchani umevikwa mafuta, ndani yake mna mishipa minene na utando usiotafunika. Mpishi huketi na kisu kikali akakwangua na kupunguza mpaka ibaki nyama nyekundu peke yake, na mtu asiyejua akipita hudhani anaharibu mali. Haharibu. Mafuta ya ng'ombe huhitaji nyuzi 40 na zaidi ili yayeyuke, ilhali maji ya diskasi huwa na nyuzi 28 hadi 30, na mwili wa samaki huwa na joto la maji aliyomo. Mnyama wa nchi kavu huyamudu mafuta hayo. Diskasi yatamlemea ini.

Moyo peke yake, hata ukisafishwa vipi, haujawa mlo. Waliochunguza matumbo ya diskasi wa porini walikuta mabaki ya majani yaliyooza, mwani na wadudu wadogo wa majini. Mdomo wake ni mdogo na utumbo wake ni mrefu, umbo la mdokoaji, si la mwindaji. Ndiyo maana mpishi mwenye busara huupunguza moyo ili apate nafasi ya spinachi iliyochemshwa kidogo, njegere zilizomenywa maganda, unga wa spirulina, samaki mweupe na kamba. Kamba humpa diskasi wekundu wake, kwani samaki hawezi kujitengenezea rangi hiyo mwilini, lazima aile.

Hapa ndipo utaratibu unapogeuka elimu. Kamba wabichi, na hata baadhi ya samaki wabichi, wanaweza kuwa na kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na dawa yake ni moto. Lakini moto huohuo huiharibu vitamini C, ambayo samaki akiikosa uti wake wa mgongo hupinda. Basi kamba hutangulia kupita kwenye maji ya moto, na vitamini hungoja mpaka mchanganyiko upoe. Viambato ni vilevile. Ukivuruga zamu zao, umepika hasara.

Kisha kuna kushikamanisha. Jelatini hulegea katika maji ya uvuguvugu, chakula kikasambaratika na tangi likachafuka. Aga, inayotokana na mwani, ikishaganda haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 85. Mchanganyiko hutandazwa mwembamba ndani ya mfuko wa plastiki, ukagandishwa kwenye friza, na kila mlo humegwa kipande kinachotosha.

Kinachotosha! Wahenga walisema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, na diskasi huyajua yote mawili. Wachanga hulishwa kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, wakubwa mara mbili au tatu, na kilichobaki hufyonzwa kwa mpira kabla hakijaoza kikazaa amonia. Mpishi huchungulia hata choo cha mlaji: kikiwa cheupe, kirefu na chenye ute, anajua tumboni hamna amani.

Diskasi wenyewe ni walezi wa namna hii. Makinda yao hula ute wa ngozi ya baba na mama, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa protini na kingamwili katika ute huo huongezeka wakati wa malezi. Baada ya wiki mbili hivi, wazazi huanza kuyakwepa makinda ili yajitafutie. Kutoa na kunyima ni sehemu za malezi yaleyale. Anayeliandaa pande la moyo kwa kisu na subira anafanya kazi hiyohiyo ya mzazi, nami simwoni kuwa mtu wa kuchekwa kwa kumpikia samaki.