Jina Nyuma ya Picha

Bibi alipofariki, jambo lililotuumbua mapema kuliko yote lilikuwa picha. Jeneza limeshaagizwa, watu wa kamati ya mazishi wamekaa chini ya mwembe wanauliza picha ya kutangulizwa mbele ya msafara, na sisi wajukuu tunapokezana simu tukitafuta. Kwenye simu zetu bibi alikuwamo mara nyingi, lakini vipande vipande: bega lake katika kipaimara cha mtoto wa jirani, mkono wake ukipokea sahani, kilemba chake nyuma ya keki ya harusi. Mwishowe mjomba akachomoa kadi ya marehemu ya kupigia kura. Kijana mmoja akaambiwa apande bodaboda hadi mjini ikakuzwe.

Hapo ndipo mama mkubwa alipotoka chumbani na kaunta buku kifuani. Ni lile lenye gamba gumu jeusi na mgongo mwekundu, tulilolijua tangu utotoni na ambalo hatukuwahi kulitilia maanani. Akalifungua katikati. Bibi alikuwa pale, amesimama mbele ya bani la kukaushia tumbaku, mdomo wazi kwa kicheko, na chini yake maneno ya penseli: “Mama, Mei 1974, asubuhi ya kufungua bani. Anamcheka baba, kaungua kidole. Mpiga picha alitoka mjini kwa baiskeli, tukamlipa jogoo.”

Nimeutafakari mstari ule miaka kadhaa sasa. Picha ilinionyesha mwanamke anayecheka. Penseli ilinionyesha kidole ambacho hakimo pichani, babu ambaye mimi nilimkuta mzee mkali asiyechekwa na mtu, na bei ya kumbukumbu katika mwaka ambao fedha taslimu ilikuwa adimu kijijini lakini kuku walikuwapo. Kabla ya siku ile nilidhani mama mkubwa anatunza picha. Kazi yake hasa ilikuwa ni kuyatunza yale ambayo picha haiwezi kuyashika.

Yeye haiiti kazi hiyo kwa jina lolote la kifahari. Husema tu “nabandika”. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yake iko Bombambili, hapa Songea mjini. Sanduku lake la bati liko chini ya kitanda, na ukilifungua, harufu ya moshi inakutangulia, kwa sababu kati ya kaunta buku moja na jingine ametandika majani ya tumbaku ya moshi, ile ile iliyolipia ada za shule za watu wengi wa mkoa huu. Anaamini mende na nondo hawaipendi harufu hiyo. Anahitaji kinga hiyo kwa sababu gundi yake ni chakula: uji mwembamba wa unga wa ngano, uliochemshwa hadi ung'ae, ukachujwa kwa kitambaa. Gundi ya dukani, anasema, inakauka, inakuwa ya kahawia na kutoboa karatasi. Uji ukilowa maji unaachia, na kosa linaweza kurekebishwa.

Picha zenyewe hazipaki gundi hata kidogo. Anakata karatasi ngumu pembetatu ndogo nne, anazibandika hizo, kisha anaichomeka picha kwenye pembe zake kama mtoto anavyofungwa mgongoni, imeshikwa pande zote lakini inaweza kutoka. Ukiichomoa, utaona nyuma yake jina, kwa penseli laini, limeandikwa ukingoni kwa mkono mwepesi ili lisitokeze upande wa mbele. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Nitaeleza sababu yake nikifika kwenye mvua.

Ndani ya kila kaunta buku si picha tu. Kuna stakabadhi ya tumbaku ya babu kutoka NGOMAT, ushirika wa Wangoni na Wamatengo, imekunjwa mara nne na mikunjo imechakaa kama kiganja. Kuna tiketi ya basi ya safari ya kwanza ya mama mkubwa kwenda Dar es Salaam, na kadi ya salamu za redio ambayo haikuwahi kutumwa, majina ya ndugu yamepangwa juu yake kwa uangalifu mkubwa, jina moja likafutwa na kurudishwa. Kuna kipande cha kanga kilichokatwa penye maandishi. Kuna kipande cha gazeti cha mwaka 1985, timu yetu ya Majimaji ilipotwaa ubingwa wa Muungano, kimegeuka rangi ya chai kwa sababu karatasi ya gazeti hujila yenyewe kwa asidi iliyomo ndani yake. Pembeni yake ameweka fotokopi, ili siku kile kitakapomomonyoka maneno yasimomonyoke nacho. Na kuna ukurasa mzima usio na kitu kilichobandikwa, wenye orodha tu ya vitu walivyovikosa katika miaka ile ya foleni, sabuni, sukari, mafuta ya taa, na mbele ya kila kimoja jina la jirani aliyewagawia. Ukurasa huo naupenda kuliko zote. Historia za uchumi wa miaka ya 1980 nimezisoma, lakini sikukuta mahali palipoandikwa nani alimpa nani kipande cha sabuni.

Katika nyumba nyingi za hapa, kama kwingine Tanzania, mgeni akifika chakula kikiwa bado jikoni hukabidhiwa albamu. Anafungua kurasa za plastiki, na mwenyeji anapita pita akisimulia: huyu ni wifi, hapa ni Peramiho siku ya upadrisho, huyu usimuulize. Ni desturi nzuri, ukarimu unaotolewa kabla ya ugali. Lakini masimulizi yote yamo mdomoni mwa mwenyeji. Akiondoka duniani, albamu inakuwa bubu. Na kwetu Songea ububu huo ni mbaya zaidi, maana majina ya ukoo tunagawana watu wengi mno. Darasani kwetu akina Komba walikuwa sita, akina Ngonyani watano, na ukiniletea picha ya kundi lile leo ukaniuliza yupi ni yupi, nitakutajia watatu kwa uhakika.

Kubandika kumbukumbu ni kazi ya dunia nzima, na ya zamani. Mwandishi Mmarekani Mark Twain aliipenda kiasi kwamba mwaka 1873 alipewa hataza ya kitabu chenye kurasa zilizokwishapakwa gundi. Unalowesha tu na kubandika. Karibu na kwetu, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na studio za namna hiyo ndizo zilizowafundisha watu wa pwani kukaa mbele ya kamera wakiwa wamejiandaa, wamejipaka, wamechagua saa ya kuvaa. Lakini ninayemwona kuwa ndugu wa karibu wa mama mkubwa katika ufundi ni Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993. Yeye alizikata picha za wateja wake, akazibandika upya pamoja na mapambo, kisha akaupiga picha mpangilio ule mpya. Mkasi wake ulikuwa na haki sawa na kamera yake. Alijua kwamba picha ikitoka kwenye maji ya kusafishia kazi bado haijakwisha, na kwamba mtu anayependwa anastahili kupangiwa mahali pake.

Mji huu unayo sababu yake ya kuyajali maandishi ya chini ya picha. Kila tarehe 27 Februari tunakusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, karibu na kaburi la pamoja la mashujaa wa vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye jina lake ndilo jina la mji, naye alinyongwa, na ukoo wake umekuwa ukiulizia kichwa chake, ambacho unaamini kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa, akakutana na wazao wa nduna, akaomba radhi. Nilifuatilia siku hiyo nikiwa na mama mkubwa, redio imewekwa juu ya meza, naye hakusema neno hadi matangazo yalipokwisha. Kisha akasema wale waliotunyonga walikuwa na kamera na walikuwa na wino, na wajukuu wa walionyongwa wamehangaika zaidi ya miaka mia moja kwa sababu ya kitu kilichochukuliwa bila kuandikwa vizuri ni cha nani na kimepelekwa wapi.

Sikuwa nimewahi kuitazama kazi yake kwa jicho hilo. Picha nyingi za zamani za nchi hii, za watu waliofungwa minyororo shingoni, za wapagazi, za wanawake waliosimamishwa jua kali, zina jina la afisa aliyepiga na tarehe. Waliosimama mbele ya kamera hawana jina. Aliyeshika kamera ndiye aliyeandika maelezo, akaandika alichojali. Binti wa mkulima wa tumbaku aliyenunua kaunta buku na penseli akaandika “Mama” chini ya picha ya mama yake alikuwa anashika kalamu ambayo babu zake hawakupewa.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Majimaji, na miaka hiyo hiyo wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe wakachapisha kumbukumbu za vita hivyo. Mtu aliyekuwa na miaka kumi vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa na miaka sabini na mitatu wanafunzi walipobisha hodi. Ninaporudi kwenye hesabu hiyo huwa napatwa na hofu. Wangechelewa miaka kumi na mitano tu, wangebisha kwenye milango ya watoto wa watoto.

Sasa nifike kwenye mvua. Msimu wa El Nino wa 1997 na 1998 bati la chumba cha mama mkubwa lilitoboka juu ya sanduku, wakati huo likiwa bado linakaa juu ya kabati. Alipogundua, kaunta buku la pili lilikuwa limelowa hadi katikati. Hakulianika juani. Alilisimamisha kivulini, kurasa zimeachanishwa kwa vipande vya kanga, akakaa nalo siku nne akigeuza ukurasa mmoja mmoja. Picha zilizogandana hakuzivuta kwa nguvu, na nyingi ziliachia zenyewe. Kumi na moja hazikuachia. Rangi iliyeyuka ikabaki kama mafuta juu ya dimbwi. Negativu zake zilikuwa zimekwisha kupotezwa na studio moja alikoziacha, hivyo hapakuwa na pa kukimbilia.

Lakini penseli haiogopi maji. Maandishi yalibaki yote. Mama mkubwa akazikata picha zilizoharibika, akaacha pembe nne za karatasi mahali pake, na ndani ya pembe hizo hakuna kitu. Chini yake utasoma: “Kaka na baiskeli mpya. Hajui kuiendesha bado, kaegemea ukuta asianguke.” Ukurasa unaofuata: “Mama anachambua dagaa wa Mbamba Bay. Kanikataza nisipige kwa sababu hajachana nywele. Nikapiga.” Nimewaonyesha kurasa hizo watu wengi, na kila mmoja aliona picha. Mmoja alinibishia kabisa kwamba baiskeli ilikuwa nyeusi.

Siku hizi picha tunazo nyingi kupita uwezo wetu wa kuzitazama. Tunaziweka kwenye hadhi ya WhatsApp, zinadumu saa 24, zinafutika. Simu ikichomolewa mfukoni stendi, imeondoka na ubatizo, mahafali na sauti ya mtoto akianza kusema. Siilaani simu, bila simu nisingekuwa na picha hata moja ya baba yangu mdogo, aliyeishi Masasi na kufia huko. Ninachokisikitikia ni kwamba tunapiga arobaini na hatuandiki neno. Ningeomba kila nyumba ichague tano kwa mwaka, izisafishe kwenye karatasi halisi ya picha, na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka aketi na mzee aliyepo aulize maswali anayouliza mama mkubwa: nani, wapi, lini, nani alipiga. Halafu swali lake la mwisho, ambalo huliuliza kwa sauti ya chini kidogo: na nini hakionekani?

Jumapili mchana mpwa wangu wa miaka tisa huenda kwake. Anakoroga uji, anakata pembe, na mara nyingine anakata vibaya, na mama mkubwa anazipokea hizo hizo. “Mwanangu,” humwambia, “usiandike ‘siku ya furaha’. Niandikie walikula nini.”

Ile picha ya kadi ya kura tuliyoikuza haikutumika msibani. Iliyotangulia mbele ya msafara ilikuwa ya bani la tumbaku. Ile ya kadi nilidhani ilitupwa. Mwezi uliopita niliikuta kwenye kaunta buku la nne, imechomekwa kwenye pembe zake, bibi amekaza macho, mashavu yameingia ndani, hana hata dalili ya kicheko. Chini yake penseli imeandika: “Mama, 2015, kujiandikisha kupiga kura. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Miguu ilimuuma tangu jana yake. Waliposema wazee wapite mbele alikataa, akasema watangulie wenye watoto mgongoni. Hapa ni saa nane.”