Nili ya Jinzi Kwenye Viti vya Ngozi: Doa Linakaa Wapi na Linaondokaje

Doa la buluu linaloonekana kwenye kiti cha ngozi cha rangi ya krimu, hasa ukingoni ambako paja la dereva husugua kila anapoingia na kutoka, kwa kawaida halimo katika ngozi yenyewe. Ngozi nyingi za viti vya magari ya siku hizi, zikisha kudabaghiwa, yaani kutiwa dawa zisioze, hupakwa tabaka jembamba la rangi lililochanganywa na poliyurethani, ambayo ni plastiki inayonyumbulika, na juu yake huongezwa tabaka jingine lisilo na rangi la kuzuia mikwaruzo. Anayedhani anasafisha ngozi, kwa hakika anasafisha plastiki, na makosa mengi ya kazi hii huanzia hapo.

Rangi inayochafua zaidi ni nili, ambayo Mjerumani Adolf von Baeyer alibainisha muundo wake mwaka 1883 na kampuni ya BASF ikaanza kuiuza ikiwa imetengenezwa kiwandani mwaka 1897. Nili haiyeyuki katika maji, kwa hiyo ili ishike uzi wa pamba hubadilishwa kwanza kwa kemikali iwe katika umbo linaloyeyuka, lenye rangi ya manjano, kisha uzi unapotolewa katika beseni, oksijeni ya hewani huirudisha nili katika umbo lake la buluu. Uzi wa jinzi hubaki mweupe katikati na wa buluu nje, jambo ambalo viwanda hulikusudia kwa sababu ndilo linaloipa jinzi mpauko unaopendwa magotini. Lakini punje za nili zilizoganda juujuu kwa namna hiyo hubanduka zikisuguliwa, na hubanduka zaidi zikiwa na unyevu. Kipimo cha kimataifa cha ISO 105-X12, ambacho husugua nguo kwa kitambaa cheupe chenye mgandamizo wa niutoni 9, mara 10 kwenda na kurudi, kikiwa kikavu na kikiwa kimelowa, huzipa jinzi za buluu iliyokolea alama za chini katika jaribio la kulowa, kwenye mizani inayoanzia 1 hadi 5. Jasho la safari ya mchana wa Dar es Salaam au Mombasa linatosha kuwa maji ya jaribio hilo.

Kwa kuwa nili ni punje zilizonasa katika mikunjo midogo ya uso wa kiti, doa jipya hutolewa kwa kuzing'oa na kuzibeba, wala si kwa kuziyeyusha. Fundi mzuri huondoa vumbi kwanza, akajaribu dawa yake mahali pasipoonekana, kisha akapaka povu la sabuni isiyo kali, kwa kuwa povu lina maji machache yasiyopenya kwenye mishono na vitobo, akasugua kwa brashi laini, mduara baada ya mduara, bila kukandamiza. Molekuli za sabuni zina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta, na kwa sifa hiyo huzingira punje zilizong'oka zisirudi kushika. Povu hufutwa kabla halijakauka, kwa kitambaa cheupe, na weupe huo una kazi: kikitoka buluu, linalotoka ni doa, lakini kikianza kutoka krimu, kinachotoka ni rangi ya kiti chenyewe, na hapo mkono unapaswa kusimama hata kama doa bado linaonekana.

Njia za mkato nyingi hudanganya macho. Spiriti, kwa mfano, karibu haiyeyushi nili kabisa. Inachofanya ni kulainisha tabaka la juu, nalo likatoka pamoja na punje zilizolishika, kwa hiyo kitambaa huonyesha buluu na mwenye gari akafurahi. Asetoni hufanya hivyo kwa ukali zaidi. Jiki hupausha nili kwelikweli, lakini ni ya alikali kali ilhali ngozi iliyodabaghiwa ina asili ya asidi, na isitoshe huweza kuudhoofisha uzi wa nailoni katika mshono. Sifongo nyeupe za melamini ni msasa laini uliofichwa katika umbo la sifongo.

Doa likikaa kwa miezi katika gari linaloegeshwa juani, hali hubadilika, kwa sababu joto hulainisha plastiki na rangi huzama ndani yake. Vipande vya pembeni ambavyo mara nyingi si ngozi bali plastiki ya PVC huwa vibaya zaidi, kwani vina vilainishi vinavyozipokea rangi na kuzipeleka ndani. Hapo kusafisha hakufai tena. Kinachobaki ni kuondoa mafuta yote, kupuliza rangi iliyolinganishwa na ya kiti, kisha tabaka jipya la kinga. Ngozi isiyopakwa tabaka hutambulika kwa tone la maji, ambalo huzama na kuacha alama nyeusi badala ya kusimama. Hiyo haistahili kuguswa na mtu asiye na uzoefu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba, ingawa desturi ya kuloweka nguo mpya katika maji ya chumvi, inayoaminiwa na wengi kwa kanga, haizuii jinzi kuchuja, maana nili iliyoshika juujuu haina kifungo ambacho chumvi ingekikaza. Jinzi hufuliwa peke yake mara kadhaa hadi maji yaache kubadilika rangi, na kiti hufunikwa kwa kitambaa cheupe, kwani kanga mpya nayo huchuja.