Nakshi ya Kumetameta Juu ya Mfuko wa Merikani

Tangu zama zile misafara ilipotoka Ujiji kwenda Kasongo kwa njia ya Kabambare, merikani nyeupe isiyotiwa rangi ilikuwa bidhaa ya kuaminiwa katika Maniema. Na baada ya Serikali ya Kongo kupiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, mfuko wa kitambaa umestahili kutazamwa upya, na hata kupambwa.

Mfuko ninaouchambua ulishonwa Kabambare na fundi wa cherehani, kisha akautia nakshi nyumbani kwake kwa chembe za kumetameta. Kila chembe ni kipande cha utando mwembamba wa plastiki uliopakwa alumini, aghalabu hukatwa pembe sita ili utando usipotee bure. Walakini chembe haina nguvu ya kujishikiza, na kwa hiyo uimara wote wa pambo umo katika gundi na uzi ulio chini yake.

Hili fundi alilifahamu barabara. Kabla ya kugusa gundi aliufua mfuko kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu kitambaa kipya huwa na kanji, na gundi ikishika kanji badala ya uzi, siku kanji itakapoyeyuka pambo nalo litabanduka. Mfuko ulipokauka akaupiga pasi ya mkaa, akatia kipande cha katoni ndani yake ili gundi ikipenya isiunganishe pande mbili, ndipo akachora kwa kalamu ya risasi safu za almasi. Gundi aliyotumia ni ile nyeupe ya maseremala, ambayo ikikauka huwa angavu; akaipaka kwa brashi almasi moja moja, akizinyunyiza chembe kabla gundi haijafanya ngozi, akazikandamiza kwa karatasi, kisha akauacha mfuko ukilala chali usiku kucha. Asubuhi aliukung'uta juu ya karatasi iliyokunjwa katikati, chembe zilizosalia zikateremka katika kunjo hadi chupani.

Alipaka tena gundi iliyozimuliwa kwa maji juu ya nakshi. Mng'aro ulififia kidogo, nami naona alifanya vema, kwani pambo linaloachia chembe mikononi mwa mchukuzi si pambo. Vilevile aliziacha tupu pembe na mahali mikono iliposhonewa, kwa maana hapo kitambaa hujikunja daima na gundi iliyokauka hupasuka.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa katika nchi ya mvua: gundi ya maseremala hulainika ikiloa. Afadhali ingetumika gundi ya vitambaa. Vinginevyo mfuko upanguswe tu, usifuliwe. Na maji ya kuoshea brashi yasimwagwe mtoni, kwa kuwa chembe hizi haziozi. Umoja wa Ulaya umekwisha kuzuia uuzaji wa zile za plastiki zilizo huru tangu Oktoba 2023. Brashi ifutwe ingali na unyevu kwa kitambaa kikuukuu, na kitambaa hicho kiwekwe kwa kazi ijayo.